Stima Ikirudi, Nani Aamke Kwanza?

Kwenye maduka ya vifaa vya sauti ya Luthuli Avenue, Nairobi, hukosi kuona kisanduku cheusi cha chuma chenye vitaa vinane usoni. Muuzaji hukiwasha makusudi mteja anapopita: taa ya kwanza, tak, ya pili, tak, hadi ya nane, kila moja na soketi yake kwa nyuma. Hiyo ndiyo sikwensa. Wateja wake wa kawaida ni makanisa, madijei na kumbi za harusi. Siku hizi hata mtu wa Kianda, Kibera, mwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, televisheni ya inchi 43 ukutani na wufa ya spika tano sakafuni, anaiulizia bei. Niseme mapema kwamba haihitaji. Lakini kazi ambayo sikwensa hufanya, hiyo anaihitaji kuliko mwenye jumba la Karen, na inaweza kufanywa kwa vifaa vya bei ya chini ambavyo tayari vinauzwa mitaani.

Tuanze na kazi yenyewe. Amplifaya haichagui, hukuza chochote inachosikia. Dikoda au mikisa ikiwashwa wakati amplifaya iko hai, mshtuko mdogo wa umeme hupita kwenye waya wa sauti, unakuzwa, na kutoka kwenye spika kwa kishindo. Mara moja si kitu. Kila siku, kwa sauti iliyoachwa juu, koili ya spika inaumia. Ndiyo maana mafundi wa sauti wana kanuni moja wasiyoivunja: chanzo kiwake kwanza, amplifaya mwisho, na wakati wa kuzima amplifaya itangulie kulala. Sababu ya pili ni njaa ya vifaa vinapoamka. Transfoma kubwa na kapasita zilizo tupu huvuta, kwa sehemu ndogo ya sekunde, umeme mara nyingi zaidi ya ule vinavyotumia vikishatulia. Vikiamka vinane kwa pamoja, swichi ya kujikata inaanguka. Sikwensa huviamsha kimoja baada ya kingine, kwa kawaida kama sekunde moja kati yao, kwa rilei na kisaa cha kielektroniki. Hakuna zaidi ya hapo ndani yake.

Mashine hiyo ilibuniwa kwa mahali ambapo anayewasha na kuzima ni kidole cha mtu. Kianda mambo si hivyo.

Kianda iko upande wa magharibi wa Kibera, wadi ya Sarang'ombe, jirani na Olympic na Ayany. Stima huku ina njia mbili za kuingia nyumbani. Ya kwanza ni ya mita na tokeni. Kati ya Mei 2014 na Mei 2015, kwa msaada wa Benki ya Dunia, Kenya Power iliongeza wateja halali katika mitaa ya mabanda nchini kutoka kama 5,000 hadi zaidi ya 150,000, na ada ya kuunganishwa ikashushwa hadi shilingi 1,160. Chumba kilichounganishwa kwa mpango huo hakikufumuliwa ukuta. Kilipigiliwa kibao kimoja chenye swichi ya kujikata, kishikio cha balbu na soketi. Njia ya pili ni sambaza: waya unaotoka kwa mwenye laini, unapita juu ya mabati, unagawiwa vyumba kadhaa, na malipo ni ya mwezi bila kujali unachotumia. Sina nia ya kumhubiria mtu hapa. Ninachotaka msomaji aone ni hesabu.

Chukua waya mzuri kabisa, shaba tupu ya milimita 2.5 za mraba, uliovutwa mita 60. Kwenda na kurudi, ukinzani wake ni kama omu 0.9. Jioni, vyumba kumi vikivuta jumla ya ampea 20 kupitia waya huo, volti 18 zinapotelea njiani kama joto. 240 imekuwa 222, na hapo sijahesabu udhaifu wa laini yenyewe wala zile sehemu waya uliposokotwa na kuzungushiwa selotepu. Waya wa kawaida wa sambaza ni mwembamba kuliko huo. Ndiyo sababu saa mbili usiku balbu huku inakuwa njano, na wufa yenye transfoma ndani inaanza kukoroma.

Stima kuwa chini, hata hivyo, si hatari kubwa kwa televisheni ya leo. Geuza televisheni yako usome kibandiko cha nyuma: nyingi zimeandikwa 100-240V, yaani zinavumilia hata nusu ya stima ya Kenya. Zinazoua ni hali mbili nyingine. Moja ni stima kupotea na kurudi. Kenya nzima iliionja mara tatu ndani ya miezi minne, tarehe 25 Agosti, 11 Novemba na 10 Desemba 2023, na kabla ya hapo, tarehe 7 Juni 2016, tumbili aliangukia transfoma ya kituo cha umeme cha Gitaru na kuizimia nchi stima (tumbili, kampuni ya umeme ya KenGen ilisema, alinusurika). Lakini mkazi wa Kianda hangojei tumbili. Kwake stima inapotea kwa sababu transfoma ya mtaa imelemewa au kwa sababu waya wa mtu umeguswa, na ikirudi hairudi kwa utaratibu. Inarudi, inakatika, inarudi tena, huku kila friji, koili ya kupikia na wufa ya mtaa ikiivuta kwa wakati mmoja.

Hali ya pili haizungumzwi sana, na ndiyo mbaya zaidi: nyutro kukatika. Laini ya mtaani ina fezi tatu. Kati ya fezi moja na nyutro kuna volti 240. Kati ya fezi na fezi kuna 415. Nyutro ya laini ikilegea au ikikatwa, chumba chako na cha jirani aliye kwenye fezi nyingine vinajikuta vimefungwa mkia kwa mkia katikati ya hizo volti 415, na kila mmoja anapata sehemu yake kulingana na ukinzani wa vifaa vyake. Sasa fikiria jirani anapika kwa koili ya wati 1,000, wewe una televisheni na dikoda za wati 100. Tukivihesabu vyote kama hita za kawaida, koili ya jirani inabaki na volti kama 38, na televisheni yako inapata kama 377. Chai yake haichemki, na kifaa chako kinatoa moshi. Asiyetumia stima nyingi ndiye anayeungua, na hakuna kosa lolote alilofanya.

Rudi sasa kwenye kile kisanduku cha vitaa vinane. Sikwensa ya bei nafuu haikati stima volti zikizidi. Ikiletewa 377, itazigawa kwa utaratibu mzuri, sekunde kwa sekunde, hadi vifaa vyote vinane viungue kwa zamu. Stima ikipotea, ule ustadi wake wa kuzima kinyumenyume haufanyi kazi, kwa kuwa hata yenyewe imezimika. Na ile namba 30A iliyochapishwa usoni pake haina maana ikiwa unaichomeka kwenye soketi ya ukutani ambayo plagi yake ina fyuzi ya ampea 13. Kwa kanisa lenye amplifaya sita kwenye rafu na fundi wa stima anayejulikana, inunuliwe. Kwa chumba cha Kianda, pesa hizo zina kazi nyingine, na ya kwanza ni ekstensheni.

Watu wengi hununua ekstensheni kwa kuhesabu matundu. "Hii ni orijino?" mteja anauliza. "Orijino kabisa, boss, angalia, iko na matundu sita na yu-es-bii." Matundu ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kutengeneza. Kinachofaa kuangaliwa ni waya, na waya unaandikwa ubavuni mwake kwa herufi ndogo: 3 x 0.75, 3 x 1.0, 3 x 1.5. Namba ya kwanza ni idadi ya nyuzi. Ikiwa ni 2, hakuna waya wa ardhini hata kama soketi ina tundu lake. Namba ya pili ni unene kwa milimita za mraba. Wa 0.75 hubeba ampea 6, wa 1.0 hubeba 10, wa 1.25 hubeba 13. Chini ya hapo, 0.5, ni ampea 3 tu, wa taa ya mezani. Waya usioandikwa chochote urudishe rafuni.

Niliwahi kufungua moja ya hizo za matundu sita. Vipande vya ndani vinavyobana miguu ya plagi vilishikwa na sumaku, maana yake ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba ya njano. Chuma hulegea upesi, plagi inacheza, cheche zinaruka, plastiki inakuwa nyeusi. Nikakwaruza unyuzi mmoja kwa wembe, na chini ya wekundu kukatokea weupe. Ni alumini iliyovishwa ngozi ya shaba, inayopitisha umeme vibaya kuliko shaba tupu na kuvunjika ukiikunjakunja. Plagi nayo ilikuwa na fyuzi ya 13. Yaani waya wa ampea 3, ukilindwa na fyuzi ya 13. Watu hudhani fyuzi ya plagi inalinda televisheni. Inalinda waya, ili waya usigeuke kuwa hita chini ya godoro. Mahali ambapo kuta ni za mbao na mabati na moto wa chumba kimoja hufagia safu nzima, hilo ndilo jambo la kwanza katika ununuzi huu wote.

Hapa kuna nafuu ambayo haigharimu karibu chochote. Plagi hizi za miguu mitatu tulizorithi kwa Waingereza, za kiwango cha mwaka 1947, zinakubali fyuzi ndogo. Ya ampea 3 ni nyekundu, ya 5 ni nyeusi, ya 13 ni ya kahawia. Ampea 5 kwa volti 240 ni wati 1,200. Televisheni, dikoda na wufa havifiki hata 300 kwa pamoja, licha ya ile "10,000W" iliyochapishwa kwenye katoni ya wufa. Soma kibandiko cha nyuma, kitakuambia 60 au 100. Kwa hiyo nunua ekstensheni ya shaba tupu ya 3 x 0.75 au ya 3 x 1.0, toa fyuzi ya kahawia, weka nyeusi. Siku mtoto akichomeka pasi kubwa pale, fyuzi inaweza kukatika kabla waya haujayeyuka, na utajua nani amefanya nini.

Vipi kuhusu zile za kukinga mshtuko, zinazotangazwa kwa jouli? Ndani yake kuna kidonge kinachopitisha umeme volti zikiruka ghafla. Kinafaa kwa mruko wa sehemu ndogo sana ya sekunde, kama ule wa radi ya mbali. Kwa nyutro iliyokatika, ambapo volti 370 zinakaa dakika nzima, kidonge hicho huchemka na kuungua, na taa yake nyekundu wakati mwingine hubaki inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Jihadhari zaidi na ile iliyotumwa na shangazi kutoka Marekani. Kule stima ni volti 120. Stima yetu ya 240, ikipanda kileleni mwa wimbi lake, hufika volti 339 mara mia kwa sekunde. Kidonge cha Kimarekani huanza kupitisha umeme kabla ya kufika hapo. Ukiichomeka Kianda, kwa macho yake kila wimbi ni radi. Itatoa moshi kabla hujafika mlangoni.

Kifaa kinachofaa ni kile ambacho wauza friji wamekiuza Afrika Mashariki miaka mingi, na jina la Sollatek, kampuni ya Uingereza, karibu limekuwa jina la kifaa chenyewe: TV Guard na Fridge Guard, au gadi kwa ufupi. Ndani kuna kipimo cha volti na rilei. Volti zikishuka chini ya kiwango au zikipita juu ya 260 hivi, rilei inaachia, kifaa chako kinabaki bila stima, salama. Stima ikitulia, kidhibiti hicho hakiirudishi papo hapo. Kinasubiri kwanza, kikitazama kama kweli imetulia. Cha televisheni husubiri kama nusu dakika. Cha friji husubiri zaidi, dakika kadhaa, kwa sababu kompresa inahitaji gesi yake itulie kabla ya kuanza tena. Muda umeandikwa kwenye boksi, na vingine vina kitufe cha kuubadilisha.

Hiyo tofauti ya muda ndiyo sikwensa. Kwenye kibanda cha video nilichosaidia kupanga huko Kianda, kile cha benchi za mbao ambako mchana ni sinema zinazosimuliwa na DJ Afro na jioni ni mpira, vifaa vilikuwa televisheni, dikoda, mikisa ndogo na amplifaya ya zamani yenye swichi ya kugeuza, ambayo stima ikirudi inarudi nayo kwa sauti ile ile iliyoachwa. Ekstensheni moja nene ilitoka ukutani. Ndani yake tukachomeka gadi mbili. Ya nusu dakika ikabeba ekstensheni ndogo ya televisheni, dikoda na mikisa. Ya muda mrefu ikabeba amplifaya peke yake. Stima ikirudi, picha inaamka kwanza, mikisa inatulia, kisha amplifaya inaingia ya mwisho bila kishindo. Tatizo likawa la kibinadamu: dakika tatu za mpira bila sauti ni nyingi, na watu walishaanza kupiga benchi. Tukapunguza muda wa ile ya pili hadi ukawa mrefu kidogo tu kuliko wa kwanza. Inatosha.

Kwa mwenye wufa ya kawaida ya dukani, huenda hata gadi ya pili ni hasara. Ifanyie jaribio hili: ikiwa inacheza, zima soketi ya ukutani, hesabu hadi kumi, washa. Ikirudi na taa nyekundu tu, ikingoja rimoti, basi rimoti yako ndiyo sikwensa. Gadi moja ya ampea 5 ukutani, ekstensheni ndani ya gadi, kila kitu ndani ya ekstensheni, na kazi imekwisha. Lakini pasi, koili na birika visiguse mnyororo huo. Rilei ya ampea 5 ikilazimishwa kubeba koili, meno yake yanaweza kushikana kwa joto, na gadi iliyoshikana haiachii tena hata zije volti 400. Taa zake zitaendelea kuwaka vizuri.

Kuna usumbufu wa gadi ambao wauzaji hawautaji. Jioni volti zikishuka sana, inakata na kukaa imekata, wakati televisheni yenyewe ingeweza kuendelea. Hapo wengi huing'oa na kuchomeka moja kwa moja, na wanazoea. Kama chumba chako kiko mwisho wa laini, tafuta gadi yenye kiwango cha chini kilicho chini zaidi, au inayokukinga na volti za juu peke yake. Gadi inayokatisha tamaa huishia kabatini, na iliyo kabatini hailindi kitu.

Ile kalamu ya Bic tunayoisukuma kwenye tundu la juu ili plagi ya miguu miwili iingie, nayo iachwe. Tundu hilo ndilo la waya wa ardhini na ndilo linalofungua milango ya mengine mawili. Ukiisukuma kalamu umefungua njia ya kidole cha mtoto pia, na mguu mwembamba wa plagi haubanwi sawasawa. Adapta yenye fyuzi ni ya bei ndogo.

Imebaki ile nusu ya kazi ya sikwensa ambayo gadi haiwezi: kuzima kwa mpangilio stima inapopotea ghafla. Kwa hilo kuna UPS kuukuu za ofisini, zinazouzwa mjini kwa bei ya chini kwa sababu betri zimekufa. Betri mpya ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84 kwa makaratasi. Dikoda na mikisa, wati 30 kwa pamoja, zitakaa kwayo saa moja na zaidi. Chomeka hizo mbili kwenye UPS na uache amplifaya nyuma ya gadi yake. Stima ikipotea, amplifaya inalala kwanza huku chanzo kikiwa hai, jinsi mafundi wanavyotaka. Ikirudi, chanzo hakikulala kamwe, amplifaya inaingia baada ya muda wake, na dikoda haianzi upya kutafuta setilaiti wakati penalti inapigwa. Televisheni unaweza kuiongeza ukikubali betri iishe mapema. Amplifaya usiiweke humo: itaimaliza betri kwa dakika chache, na UPS ndogo italia na kuzima kila kitu mara tu besi ikipiga.